Zamu ya Laptopu

Mwanaheri hakupiga hodi. Aliusukuma mlango wa Kuruthumu kwa goti, maana mikononi alibeba laptopu iliyofunguliwa, kaishika kama mtu aliyebeba sinia la pilau kwenye umati. Akasimama katikati ya sebule na matope yake miguuni.

"Dada, umeifanya nini?"

Kuruthumu alikuwa mkekani akichambua maharage. Hakuinuka. Alitazama kwanza yale matope, halafu kucha za miguu zilizopakwa rangi, halafu ndiyo akautazama uso.

"Na wewe umeamkaje," alisema. "Huko kwako watu huingia hivyo?"

"Nisamehe. Shikamoo. Umeifanya nini?"

"Marahaba. Imekuja hapa juzi begani kwa Baba Abbasi, imeondoka leo begani kwa Baba Abbasi. Muulize mbebaji."

Mbebaji alikuwa nyuma, anahema. Gharibu alikuwa mnene, na kutoka Murubona mpaka Murusi kuna kilima kimoja ambacho hakikuwahi kumpenda. Alivua kofia, akajipepea nayo, akaketi kwenye kochi bila kumtazama mke wake yeyote.

"Haiandiki," alisema. "Inawaka, lakini haiandiki. Na hapa pa kusugulia kidole pamekufa. Kishale kimeganda pale kati kama kimepigiliwa msumari."

"Mimi nitajuaje mambo ya vishale?" Kuruthumu aliuliza, akarudi kwenye maharage yake.

Gharibu aliuza magodoro na vitenge pale sokoni Kasulu, na nyumba yake ilikuwa nyumba mbili. Kuruthumu, mke mkubwa, alikaa Murusi. Mwanaheri, ambaye alikuwa mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa Kuruthumu, alikaa Murubona. Siku mbili huku, siku mbili kule. Gharibu alijivunia kwamba hajawahi kukosea hata mara moja. Alipomnunulia Mwanaheri laptopu ili achape risala na kadi za harusi za watu, Kuruthumu alidai haki yake. Gharibu akamwambia atamletea friji. Kuruthumu akakataa. "Friji ni ya kukupozea wewe maji. Mimi nataka alichopewa mwenzangu."

Wakafika mpaka kwa sheikh wa msikiti wao. Sheikh alikuwa hajawahi kuulizwa habari za laptopu, akawaza sana, akasema wake ni sawasawa, na kitu kisichogawanyika kipewe zamu. Basi ikawa hivyo. Mwanamume alipolala, laptopu ililala. Watu wa mtaani walijua Gharibu yuko kwa nani kwa kuangalia begi lake jeusi limeelekea wapi.

Murubona laptopu ilifanya kazi mpaka ikapata moto. Murusi haikufanya kazi yoyote. Kuruthumu hakujua hata pa kuiwashia. Aliiweka juu ya meza, akaifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kazi ya laptopu kwa siku zile mbili ilikuwa ni kutokuwa Murubona.

Lakini kabla ya kuifunika, kila ilipofika, aliifuta. Hiyo hakumwambia mtu. Ilikuwa inakuja inanuka mafuta ya yule binti, yale mafuta matamu ya karafuu na waridi, na katikati ya vitufe mna makombo ya maandazi. Kuruthumu aliifuta kama alivyosugua sufuria iliyoazimwa ikarudi: kitambaa, maji, sabuni ya unga kidogo. Safari hii, pale pa kusugulia kidole alikuta alama ya kidole inang'aa kwa mafuta, pana, imetulia, kama mtu aliyeketi kwenye kiti chako. Ikamuuma. Akachovya kitambaa tena bila kukikamua vizuri. Akasugua. Maji yakazama kwenye vitufe, naye akaigeuza juu chini akaikung'uta kama ungo, akaona imetosha.

Kwa hiyo alijua. Aliendelea kuchambua maharage, na moyo wake ukawa unapiga kwa woga na kwa raha, vyote kwa pamoja.

Nje ya dirisha palisikika makofi mawili ya taratibu, ya salamu.

"Mwakeye, Mama Abbasi!" Alikuwa Immakulata, jirani, Muha wa hapo hapo, mama wa kanisani mwenye shamba la maharage nyuma ya uzio. "Amani ipo? Nimesikia sauti."

"Ipo, mama. Kompyuta imeugua."

"Yoo! Pole. Inaharisha?"

Gharibu alicheka peke yake.

*

Waliiweka mezani, pale pale pa Kuruthumu, baada ya kuondoa maua. Kwa Mwanaheri umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, huku Murusi ulikuwepo bado, unawaka na kufifia. Ndiyo maana walikuja, Gharibu alieleza. Si kwa ugomvi. Mwanaheri alinyamaza, lakini ukimya wake ulisema ni kwa ugomvi pia.

Gharibu akampigia Saady, fundi simu wa sokoni, akaweka sauti kubwa.

"Zima kabisa, mzee," Saady alisema. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zinanguruma. "Chomoa chaji. Toa betri kule chini. Halafu shikilia kitufe cha kuwashia, usikiachie upesi."

Mwanaheri alifanya. Kuruthumu akaziangalia zile kucha zikibonyeza. Betri ikarudishwa, laptopu ikawaka, ikatoa ule mlio wake wa kujifurahisha. Kioo kikaleta mahali pa kuandika neno la siri. Mwanaheri akagonga vitufe. Hakuna. Akapitisha kidole. Kishale kilikaa pale pale.

"Safu ya juu kabisa," Saady alisema, "tafuta kitufe chenye picha ya kidole, ukibonyeze pamoja na kile kilichoandikwa Fn. Wakati mwingine mtu anajifungia mwenyewe bila kujua."

Mwanaheri akabonyeza. Akabonyeza tena. Gharibu naye akaweka kidole chake kinene, akabonyeza vitatu kwa mpigo.

"Baba, taratibu!"

"Nilinunua mimi."

"Vimekufa vyote viwili kwa pamoja?" Saady aliuliza. "Mzee, hapo mara nyingi ni maji. Ilimwagikiwa kitu? Chai? Uji?"

Gharibu aliinua macho. Alimtazama Mwanaheri, halafu akamtazama Kuruthumu, na kwa Kuruthumu macho yakakaa.

"Kwangu haijaona maji," Mwanaheri alisema haraka. "Mimi hata glasi siweki karibu."

"Mama Abbasi?"

"Mimi siitumii. Nitaimwagia maji nikifanya nini, naikogesha?"

Immakulata, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaingia na kuketi kwenye kigoda mlangoni, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaanza kukunja khanga yake.

"Ajabu," Gharibu alisema, akimgeukia Immakulata kama hakimu anayemgeukia mzee wa baraza. "Mtu hajui kusoma vizuri, hajui kuandika kwa kalamu, anataka zamu ya kompyuta. Nikamwambia friji. Hataki. Sasa ona. Mtoto wa kike anapoteza riziki yake kwa ajili ya kijicho cha mtu mzima."

Alilisema mbele ya jirani. Kuruthumu alihisi masikio yake yakipata moto. Msahafu alikuwa anausoma vizuri kuliko yeye Gharibu, na barua za Abbasi kutoka Dar alizisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari. Lakini hayo hayakuwa ya kusema mbele ya Immakulata. Akasukuma pembeni ungo wa maharage.

"Riziki gani? Kadi za harusi?"

"Kazi," Mwanaheri alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila sauti. Akayafuta kwa kiganja. "Kuna shirika linaajiri watu wa kuandikisha wakimbizi. Mwisho wa kupokea maombi ni leo. Barua yangu imo humu, vyeti vyangu nimevipiga picha vimo humu. Nimeandika wiki nzima, siku zangu zote nilizokuwa nayo. Leo ilikuwa ni kutuma tu."

"Wanataka mtu anayejua Kiha na Kiswahili na kompyuta," Gharibu aliongeza. Mama yake Mwanaheri alikuwa Muha wa Gwarama, na Kirundi na Kiha ni ndugu wa kunyonya ziwa moja. "Wanalipa vizuri hao. Sio mchezo."

"Wakimbizi wa wapi?" Kuruthumu aliuliza. Sauti yake ilibadilika, na hakuna aliyegundua.

"Hawa Warundi. Si unaona mabasi yanapita? Kambi ya Nduta imefunguliwa tena."

"Nduta ya Kibondo."

"Ndiyo, Kibondo."

"Atakuwa anakwenda na kurudi?"

Gharibu akacheka. "Na barabara hii, na mvua hizi? Watumishi wanalala huko huko. Anakuja mwisho wa mwezi, siku kadhaa, anarudi."

Kuruthumu alinyanyua ungo tena, akauweka mapajani, akachukua punje moja ya maharage akaigeuza vidoleni. Kichwani mwake Murubona ilikuwa imefungwa kufuli. Begi jeusi halikwenda popote. Siku mbili, kisha siku mbili nyingine, kisha wiki, zote za kwake. Miaka sita alikuwa amelala siku mbili macho wazi akisikiliza ukuta, akijiuliza kule wamekula nini, kule wamecheka nini. Na kitu ambacho kingemwondoa yule binti njiani kilikuwa hapo mezani kimekufa, na aliyekiua ni yeye, kwa sabuni yake mwenyewe.

"Saady," aliita kwenye simu iliyokuwa bado hewani, mpaka Gharibu akashtuka. "Baba, unanisikia? Mimi Mama Abbasi. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mama. Mausi ya waya. Ukichomeka mausi, hata kibodi huihitaji. Kwenye kioo hapo chini pembeni kuna kialama cha duara. Ukikibonyeza inatokea kibodi ya picha. Unapiga herufi kwa mausi, moja moja. Inachosha lakini inakwenda."

"Lete basi mausi," Gharibu alisema.

"Mimi niko Buhigwe, mzee, nimefuata mzigo. Kibanda nimefunga. Jaribu kwenye stationari pale juu."

Gharibu akavaa kofia yake. Alitoka akilalamika kwamba duka lake leo linauzwa na upepo. Immakulata naye akasimama. Aliona kuna wanawake wawili wanaobaki na neno lao, na hata yeye aliyependa habari alijua mahali pa kuishia. Akapiga tena makofi yake mawili, akaaga.

*

Mwanaheri alikuwa ameinamia kile kioo kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho.

"Stationari hawatampa," alisema. "Mausi zao wanazitumia. Kuna moja ilikuja kwenye boksi tulipoinunua, sijui ilipotelea wapi. Nilimuuliza Baba, akasema labda hawakuiweka."

Kuruthumu aliinuka. Alikwenda kwenye kabati la vyombo, akalifungua kwa ufunguo uliokuwa kwenye pindo la khanga yake, akaondoa vikombe vya wageni, akaondoa birika la kahawa la marehemu mama yake. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni, waya wake umezungushwa vizuri.

Mwanaheri aliinuka nusu, akaketi tena.

"Ulikuwa nayo!"

"Boksi lilipoletwa hapa mara ya kwanza, niliuliza kuna nini humo. Kuna kubwa na kuna ndogo. Kubwa ilikuwa yako. Nikachukua ndogo."

"Lakini dada, ndogo peke yake haifanyi kitu!"

"Na wewe hukuitumia. Sawasawa."

Mwanaheri alimtazama, mdomo wazi, na ghafla akacheka. Alicheka vibaya, kicheko cha mtu aliyelia, pua ikatoa sauti. Kuruthumu hakutaka kucheka. Alikunja midomo, akageukia kabati akalifunga.

"Nipe nichomeke."

"Hapana. Ni yangu. Nitashika mwenyewe. Wewe nielekeze."

Ikachomekwa. Kishale kikashtuka, kikakimbia mpaka pembeni ya kioo. Kuruthumu akainyanyua ile mausi hewani kukifuata.

"Iweke chini, dada. Chini mezani. Iburuze tu, kama unapiga pasi."

"Usinifundishe pasi."

Kilikwenda kushoto alipotaka kulia. Kilipita pale pa duara mara nyingi kama mbuzi anayekataa zizi. Mwisho kikafika, Kuruthumu akabonyeza kwa nguvu mpaka meza ikalia, na kwenye kioo ikatokea kibodi yote, herufi kwa herufi, imepangwa.

"Alhamdulillahi," Mwanaheri alinong'ona. "Sasa neno la siri. G."

Kuruthumu akatafuta G. "Endelea."

"H. A. R."

Kuruthumu akaacha kubonyeza. Hakuhitaji kusomewa zilizobaki. Hata kwenye mlango wa kuingilia humu ndani lilikaa jina lake.

"Ulimweka wewe?"

"Alijiweka mwenyewe, dukani, siku ile ile. Muuzaji aliuliza neno la siri, akajitaja."

Kuruthumu akamalizia, I, B, U. Taratibu. Laptopu ikafunguka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, lakini kwa mausi na mkono wa Kuruthumu ilikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Modemu ilichomekwa, mtandao ulikuja, ukaenda, ukaja. Walikuwa wamekaa karibu, mabega yanagusana, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya harusi. Na Kuruthumu alinusa tena yale mafuta, karafuu na waridi.

"Nilikuwa naifuta," alisema bila kugeuka. "Kwa maji. Kila inapokuja. Safari hii niliyazidisha."

Mwanaheri aligusa pale pa kusugulia kidole.

"Kwa sababu ya mafuta?"

"Inakuja inanuka wewe."

"Nilikuwa naipaka makusudi," Mwanaheri alisema. "Siku ya kuileta huku, nachovya kidole nasugua hapa. Nilijua utanusa."

Kuruthumu aligeuka akamtazama.

"Na makombo?"

"Makombo hapana. Makombo ni njaa tu."

Nje mvua ilianza, ile ya kwenye bati isiyoruhusu mtu kunong'ona. Mwanaheri akasogea karibu zaidi, akaongea mdomo karibu na sikio la mwenzake.

"Dada, nikiipata hii kazi, sirudi."

"Mwisho wa mwezi utarudi."

"Sirudi kwake. Kasulu nitakuja kumwona mama tu. Kwa Gharibu sirudi. Nitamwomba karatasi yangu ya talaka. Usimwambie."

Kuruthumu aliachia mausi. Mkono ulikuwa umekauka kwa kuishika.

"Amekupiga?"

"Hajanipiga. Ananipa kila kitu kama anavyokupa wewe. Kitenge kwako, kitenge kwangu. Nimechoka tu. Niliolewa na yeye, lakini ninayemuwaza kutwa ni wewe. Umempikia nini. Umevaa nini. Akija kwangu kashiba naumia, akija ana njaa naumia vilevile, nasema huko wanagombana atakuwa na mimi kwa hasira tu. Siku zako nakaa kama mjane, siku zangu nakaa kama mtu wa mashindano. Nina miaka ishirini na sita, dada. Sitaki kuzeeka nikinusa kanzu."

Kilikuwa ndicho Kuruthumu alichokiomba kwenye sala. Alikiomba kwa miaka sita, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Sasa kililetwa mpaka mezani kwake na mtu mwenyewe, bila kugombana, na akashangaa kwamba kinamuuma. Alimlinda mwanamume huyu kama watu wanavyolinda shamba lisiingiliwe na nguruwe pori. Kumbe upande wa pili wa uzio hapakuwa na mtu anayelitaka. Aliona kama anapewa nguo ambayo mwenye nayo ameivua kwa sababu inamwasha.

"Kwa hiyo unaniachia," alisema.

"Nakuachia."

"Unasema kama unaniachia sufuria."

"Sikusema hivyo, dada."

"Umesema."

Mtandao ulirudi. Kwenye kioo palikuwa na barua, vyeti vimeshaambatishwa, na kitufe kimoja. Mwanaheri alinyoosha mkono kuelekea kwenye mausi, akakumbuka, akaurudisha mapajani. Alimtazama Kuruthumu, na machoni mwake kwa mara ya kwanza kulikuwa na kuomba.

Kuruthumu angeweza kuichomoa. Waya ulikuwa mkononi. Alifikiri kuichomoa, si kwa sababu alimtaka yule binti abaki, bali kwa sababu yule binti alikuwa na pa kwenda. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye kuna kazi mahali, leta vyeti. Vyeti gani? Alimwonea wivu kwa kucha, kwa mafuta, kwa umri, kwa siku mbili. Zote zile zilikuwa wivu wa kuchezea. Huu ulikuwa mpya. Ulikaa kifuani kama jiwe la kusagia.

Akakiburuza kishale mpaka kwenye kitufe. Kilikwenda sawasawa, hakikuyumba. Akabonyeza.

"Imekwenda?" aliuliza.

"Imekwenda."

Gharibu aliingia amelowa, hana kitu. Stationari zote zilikuwa zimemkatalia, moja ikamcheka. Alipoona waya mezani alisimama.

"Mmeipata wapi?"

"Kabatini," Kuruthumu alisema.

Hakuuliza zaidi. Alikuwa na furaha kubwa mno. Alifungua dirisha kwenye mvua akapiga kelele: "Mama Immakulata! Imekwenda! Mke wangu anakwenda kwenye mashirika!" Halafu akageuka, akawatazama wanawake wake wawili waliokaa kochi moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nyie mkipatana hivi, mimi nitawakosea nini?"

Mwanaheri aliangalia sakafu. Kuruthumu aliinuka akaenda kuinjika maharage.

*

Mwanaheri aliitwa kwenye usaili, akapita. Gari jeupe lilimchukua Murubona asubuhi moja, na Gharibu alisimama barabarani akipunga mkono muda mrefu kuliko ilivyostahili. Laptopu aliiacha, alisema huko amepewa nyingine. Mwisho wa mwezi hakuja, akasema kazi ni nyingi, watu wanaingia kila siku. Mwisho wa mwezi uliofuata alipiga simu akaomba karatasi yake. Gharibu alikasirika, akaenda Kibondo kwa basi, akarudi na kikohozi. Mwezi mmoja baadaye akaiandika.

Kuruthumu hakumwambia mtu kwamba alijua. Siku za mwanzo alipika kama sikukuu. Alitoa vikombe vya wageni. Gharibu alikuja kila siku, begi jeusi likapigiliwa msumari wake ukutani Murusi, na wanawake wa madrasa walimwambia: mwenzetu umeshinda.

Lakini siku zile mbili za zamani, alizokuwa akizilia, zilikuwa na mambo yake. Zilikuwa siku za kwenda kwa Immakulata na kukaa mpaka jua linazama. Siku za madrasa. Siku za kula kiporo kwa mkono mmoja umesimama mlangoni, za kulala mapema, katikati ya kitanda. Sasa hazikuwepo. Kila siku ilikuwa na mwanamume kibarazani anayeita maji, anayesimulia bei za magodoro, anayetazama simu kuona kama kuna mtu amempigia kutoka Kibondo. Alikuwa anakula bila kuonja. Na jioni moja Kuruthumu alikuwa anatia hiliki kwenye chai yake akaacha kijiko hewani, akashindwa kujua anaitia ili kumshinda nani.

Habari za Mwanaheri zilikuja kwa vinywa vya watu. Amenenepa. Amepanga chumba Kibondo mjini. Wanasema anarudi kazini jioni, anafunga mlango wake, na hakuna anayeugonga. Immakulata alilisema hilo la mwisho kwa huruma. Kuruthumu alilibeba mpaka nyumbani na halikumwacha alale.

Jumatano, saa ya magharibi, Gharibu alirudi kutoka dukani, akasukuma mlango. Haukusogea. Akasukuma tena. Ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Mama Abbasi! Hodi!"

"Nani?"

"Nani tena? Mimi!"

Ng'ambo ya uzio, Immakulata aliacha jembe lake akanyoosha mgongo.

"Leo si siku yako huku," Kuruthumu alisema, sauti yake imetulia kabisa. "Leo ulikuwa unalala Murubona."

"Murubona kuna nani? Umepatwa na nini wewe? Fungua!"

"Sijapatwa. Njoo keshokutwa."

"Kuruthumu!" Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina. Aliangalia huku na huku, akamwona Immakulata, akashusha sauti. "Sasa leo ni zamu ya nani?"

Ndani, kijiko kiligonga sahani.

"Yangu," alisema.